Dawa Ikishatoka Mwilini

Chukua ploti ya kawaida ya Kisauni, Mombasa, ile ya hamsini kwa mia: futi 50 kwa futi 100, takriban mita 15 kwa 30. Mwenyewe amejenga safu mbili za vyumba vya kupangisha, vyoo vya shimo nyuma, bafu ubavuni mwa vyoo, na kisima karibu na lango. Kisima kina ukingo wa saruji, mfuniko wa bati na kapi ya kamba. Kando yake mitungi ya lita 20 imepangwa ikingoja mkokoteni. Mwongozo unaofuatwa katika nchi nyingi unataka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini. Mwenye ploti hii azungushe utepe wake wa kupimia atakavyo, mita hizo hazipati. Akikikimbia choo chake, anakisogelea cha jirani.

Mle chooni ndimo zinamoishia dawa za ploti nzima. Chumba kimoja anaishi baba mwenye ugonjwa wa sukari, anameza metformini asubuhi na jioni. Kingine yumo mama anayetumia ARV, ambaye kwa miaka mingi alimeza pia Septrin kila siku, kama walivyoagizwa watu wote wanaoishi na virusi vya Ukimwi nchini. Yuko kijana wa kifafa anayetumia karbamazepini, yuko mtoto aliyepewa antibiotiki ya kuhara, na yuko bibi anayejichua magoti kwa jeli ya diklofenaki kabla ya kulala. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja anatibiwa, na dawa zinamsaidia.

Ila mwili hautumii dawa yote unayopewa. Metformini hutoka na mkojo karibu yote, jinsi ilivyoingia. Lamivudini, mojawapo ya ARV zinazotumika sana Kenya, hutoka kiasi cha asilimia 70 bila kubadilika. Siprofloksasini hutoka karibu nusu. Jeli ya bibi nayo ina hesabu yake: ngozi hunyonya takriban asilimia 6 tu ya diklofenaki iliyomo, na inayobaki huondoka na maji ya kuoga na ya kufulia. Karbamazepini ni kinyume chake. Ini huivunjavunja hata ikabaki asilimia 2 au 3 tu, lakini hicho kidogo kinachosalia hakiozi kwa urahisi, si chooni, si ardhini, si kwenye mitambo ya kusafishia majitaka.

Sulfamethoksazoli, ile dawa kuu ndani ya Septrin, inashangaza zaidi. Ini huifunga sehemu kubwa kwa kuipachika kipande cha kemikali ili figo ziitoe nje ikiwa haina nguvu. Ikishafika kwenye majitaka, bakteria huweza kukikata kile kipande, na dawa ikarudi kuwa dawa. Ndiyo maana wakati mwingine maji yanayotoka kwenye mtambo wa kusafishia hupimwa yakawa na dawa hii nyingi kuliko yaliyoingia.

Kutoka hapo, inategemea umesimama juu ya mwamba gani. Upande wa bahari wa Kisauni na Likoni, ardhi ni matumbawe ya kale, yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ni jiwe lile lile linalokatwa matofali ya kujengea nyumba. Limejaa matundu na mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo maji hayachujwi polepole kama yanavyochujwa kwenye udongo, hupita tu. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kwa tabaka jembamba, na kwenye visima vya karibu na ufuo kina hupanda na kushuka kwa kufuata bahari kujaa na kupwa. Masika yakija, maji ya chini hupanda hadi yakakutana na vitako vya mashimo ya vyoo.

Changamwe ni mambo mengine. Huko mwamba ni wa tope gumu lililoshindiliwa tangu zama za Jura, maji hayaingii kwa wepesi, na majitaka yasiyo na bomba hutiririka juu kwa juu kuelekea kwenye mikono ya bahari ya Tudor na Port Reitz. Hivyo kidonge kilekile kikimezwa Mlaleo, upande wa Kisauni, hushuka kisimani, na kikimezwa Chaani, upande wa Changamwe, huteremka kwenye mikoko. Mtu anayetaka kupima hatari ya mabaki ya dawa Mombasa Bara hana budi kuanzia hapa, maana Kisauni kuna maswali ya maji ya kunywa na Changamwe kuna maswali ya samaki na chaza.

Kwamba choo na kisima vinaonana chini kwa chini Kisauni, si dhana. Mwaka wa 2006 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, yenye makao yake Mkomani, walichapisha na wenzao uchunguzi wa maji ya ardhini ya Kisauni. Walikuta bakteria wa kinyesi visimani, na wakanyoosha kidole kwenye vyoo vya shimo na matangi ya septiki. Hawakuwa wakitafuta dawa. Lakini njia waliyoionyesha ndiyo njia ambayo dawa hupita, na inapita vizuri zaidi kuliko bakteria, kwa sababu bakteria hufa au hunasa kwenye mchanga na molekuli ya karbamazepini haifi wala hainasi.

Dunia ilianza kulitilia maanani suala la dawa kwenye maji kwa bahati. Mapema miaka ya 1990 wanakemia mjini Berlin walikuwa wakitafuta sumu za magugu kwenye maji, wakakutana na asidi ya klofibriki, masalia ya dawa za kupunguza mafuta kwenye damu. Ilikuwamo kwenye maji ya ardhini na hata ya mfereji. Tangu hapo vipimo vimekuwa vikali mno; leo mashine inaweza kuona nanogramu moja ndani ya lita, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu. Mwaka wa 2022 ulitoka uchunguzi mkubwa wa mito ya dunia: mito 258 katika nchi 104, sehemu 1,052 za kuchotea, dawa 61. Lahore, La Paz na Addis Ababa ndiyo miji iliyoongoza kwa uchafu huo. Katika sehemu moja kati ya kila nne, kulikuwa na angalau dawa moja iliyopita kiwango kinachodhaniwa kuwa salama kwa viumbe au kwa suala la usugu, yaani bakteria kuzizoea dawa. Na mzigo mzito haukuwa kwenye nchi zinazomeza dawa nyingi zaidi. Ulikuwa kwenye nchi ambako watu wanazipata dawa lakini mabomba ya majitaka hayajawafikia, na hiyo ndiyo Kisauni, ndiyo Likoni.

Hapa Kenya kazi nyingi imefanyika Nairobi na bonde la Ziwa Victoria. Mwaka wa 2016 Elijah Ngumba na wenzake walichapisha vipimo vya bonde la mto Nairobi. Mahali palipochafuka zaidi, sulfamethoksazoli ilifika takriban mikrogramu 13.8 kwa lita. ARV tatu, lamivudini, nevirapini na zidovudini, zilionekana kwa mikrogramu kadhaa kila moja. Siprofloksasini ilifika kama nusu mikrogramu. Tangu wakati huo Kenya imehamia kwenye matibabu ya dolutegraviri, kwa hiyo mtu akipima leo atakuta nevirapini imepungua na nyingine zimechukua nafasi yake. Mto unafuata daftari la famasi.

Mkazi wa Mombasa asidhani mto Nairobi haumhusu. Maji ya mfereji tunayokunywa yanatoka Mzima huko Tsavo, Marere kwenye milima ya Shimba, visima vya Tiwi, na visima vya Baricho kando ya Sabaki. Huo Sabaki ndio Galana, na Galana ndio Athi, na Athi hupokea mto Nairobi. Njiani dawa nyingi hufa: jua la Ukambani na Tsavo huivunja diklofenaki, tope huishika siprofloksasini, vijito huyazimua maji. Kisha visima vya Baricho huchota maji yaliyochujwa na mchanga wa bonde la mto. Ni ulinzi mzuri, na nina imani nao kwa dawa nyingi. Lakini Berlin nayo huvuta sehemu kubwa ya maji yake kupitia mchanga wa kingo, na asidi ya klofibriki ilipita. Baricho panastahili kupimwa kwa zile dawa ngumu chache, karbamazepini kwanza.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza kwanza: nikinywa maji haya, nitadhurika?

Tuchukue kiwango kibaya zaidi nilichokitaja, kile cha mikrogramu 13.8 za sulfamethoksazoli, na tuseme mtu ananywa lita mbili za maji hayo kila siku, jambo ambalo hakuna mtu angefanya. Kwa siku anapata mikrogramu 27.6. Kidonge kimoja cha Septrin cha miligramu 480 kina miligramu 400 za dawa hiyo, sawa na mikrogramu 400,000. Itamchukua karibu miaka 40 kujikusanyia dozi ya kidonge kimoja. Shirika la Afya Duniani lilifikia uamuzi wa namna hiyo mwaka wa 2012 lilipopitia ushahidi wa wakati ule: kwa viwango vinavyoonekana kwenye maji ya kunywa, mara nyingi chini ya dozi ya tiba kwa mara elfu na zaidi, madhara ya moja kwa moja kwa mwanadamu hayaelekei kabisa kutokea.

Nimelitilia uzito hili kwa makusudi. Changamwe na Jomvu watu wanajua maana ya sumu kwenye mtaa. Pale Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga risasi hadi ikaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido alipigania kesi hiyo miaka mingi, na mwaka wa 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mtu aliyeshuhudia hayo akisikia kuna dawa kwenye maji, ana haki ya kushtuka. Lakini risasi hujilimbikiza kwenye mifupa na kuharibu ubongo wa mtoto kwa kiwango kidogo sana. Septrin au metformini haifanyi hivyo. Na kuna hofu nyingine inayonisumbua zaidi: kwamba mama wa ARV atasoma habari kama hii aone haya, au apunguze dozi kwa kuwahurumia wanaochota kisimani. Asithubutu. Vidonge vyake vinamweka hai na vinazuia virusi visimfikie mwingine. Kinachotakiwa kubadilika ni shimo la choo, na hilo ni kazi ya kaunti na ya mwenye nyumba.

Wapo wanaohitaji uangalifu zaidi, watoto wachanga na wajawazito, na bado elimu ya mchanganyiko wa dawa nyingi kwa miaka mingi haijakamilika. Hata hivyo, kwenye gilasi hiyo ya maji ya kisima, kitu kitakachomlaza mtu wiki hii ni bakteria wa kuhara na homa ya matumbo. Chemsha maji, au tia dawa ya klorini. Kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa, lakini kunaua kile kinachoua.

Hapo kwa bakteria ndipo tathmini ya hatari inapogeuka sura.

Antibiotiki haihitaji kuwa nyingi ili ibadilishe maisha ya bakteria. Kwenye dozi kubwa huua. Kwenye dozi ndogo mno haiui. Humchelewesha kidogo bakteria wa kawaida asigawanyike haraka, na yule mwenye jeni ya usugu akamtangulia. Mwaka wa 2016 Johan Bengtsson-Palme na Joakim Larsson wa Uswidi walikadiria, kwa antibiotiki 111, kiwango ambacho chini yake upendeleo huo hautarajiwi. Kwa siprofloksasini walipata mikrogramu 0.064 kwa lita. Hebu tuipigie hesabu. Kidonge cha miligramu 500, tuseme asilimia 40 imetoka na mkojo, ni mikrogramu 200,000. Ili kuizimua hadi ifike kiwango hicho unahitaji lita milioni 3 na laki moja. Hayo ni malori ya maji ya lita 10,000 zaidi ya 300, kwa kidonge kimoja, na dozi ya kawaida ni vidonge viwili kwa siku.

Sasa rudi kwenye namba za Nairobi uone jinsi tathmini inavyofanywa. Mtaalamu huchukua kiwango kilichopimwa, akakigawa kwa kiwango salama kinachokadiriwa. Jibu likiwa chini ya 0.1, hatari ni ndogo. Likiwa kati ya 0.1 na 1, ni ya wastani. Likivuka 1, ni kubwa. Sulfamethoksazoli ya 13.8, kwa upande wa usugu, hugawanywa kwa mikrogramu 16. Jibu ni kama 0.86, wastani. Dawa ileile, kiwango kilekile, ukiuliza kuhusu viumbe wa mtoni, wataalamu wa Uswisi hutumia kigezo cha 0.6, jibu linaruka hadi 23. Siprofloksasini, iliyokuwa nusu mikrogramu tu, ikigawanywa kwa 0.064 inatoa karibu 8. Kwa mnywaji wa maji, siprofloksasini hiyo ingemchukua zaidi ya miaka elfu moja kufikisha kidonge kimoja. Namba moja ya maabara hutoa majibu matatu kulingana na ni nani aliye hatarini, na mtu akikwambia maji yana dawa au ni salama bila kusema ni kwa nani, bado hajakwambia kitu.

Hesabu hii ina udhaifu wake. Kiwango salama hutokana na majaribio ya mwani mdogo, viroboto wa maji na samaki wa maabara, kisha hugawanywa kwa 10, kwa 100, hata kwa 1,000, kadiri majaribio yalivyo machache. Karibu yote hufanywa kwenye maji baridi. Mombasa tuna chumvi, joto, na bahari inayoingia na kutoka mara mbili kwa siku. Magnesi na kalsiamu za maji ya bahari huishika siprofloksasini na kuipunguzia makali. Na dawa haiji peke yake: kwenye choo kimoja kuna kumi au ishirini, ambazo athari zake hujumlishwa. Kujumlisha majibu ya dawa zote za sampuli moja ni njia ya kukisia tu, lakini ni afadhali kuliko kuzihesabu moja moja kana kwamba nyingine hazipo.

Turudi chini ya choo. Sehemu kubwa ya usugu huzaliwa ndani ya miili yetu, tunapomeza antibiotiki za kununua kemisti bila kipimo, tukaacha zikibaki tatu. Lakini shimo la choo ndilo linalowakutanisha bakteria wa matumbo ya watu thelathini, pamoja na mabaki ya antibiotiki zao yasiyozimuliwa na chochote. Humo bakteria hupeana jeni za usugu kwa vijiduara vya DNA viitwavyo plasmidi, hata kati ya aina zisizo na udugu. Kisha masika yanapanda, matumbawe yanapitisha, na ndoo inashuka. Ukiongeza mabanda ya kuku wa broila ya Utange na Kiembeni, ambako oksitetrasaiklini huchanganywa kwenye maji ya kuku na mbolea yake ikamwagwa shambani, duara linakamilika. Mtoto wa Kisauni anaweza kupata bakteria sugu asiyewahi kukutana naye hospitalini. Mwaka wa 2019 maambukizi ya bakteria sugu yaliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba kiwango kikubwa zaidi kwa idadi ya watu wake. Kenya ilitoa mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu mwaka wa 2017. Kwa maoni yangu, fundi wa mabomba ya majitaka ni mtu wa kwanza katika vita hivyo, ingawa mara nyingi haitwi kwenye mikutano yake.

Upande wa Changamwe macho yaelekee kwenye mikoko. Mitambo ya Kipevu hupokea majitaka ya nyumba zilizounganishwa, na bakteria wake wanaiweza parasetamoli vizuri kabisa, lakini karbamazepini huwapita. Nyumba zisizounganishwa, nazo ni nyingi, huteremsha yao kwa mitaro. Katikati ya miaka ya 2000 mradi wa PUMPSEA, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ulichunguza pale Mikindani jinsi msitu wa mikoko unavyoweza kusafisha majitaka ya mji. Mikoko hufanya kazi hiyo kwa kweli: hunyonya naitrojeni na fosforasi, na tope lake hushika chembechembe. Lakini tope linaloshika siprofloksasini linaiweka pia pale pale wanapoishi kaa, kamba na chaza. Chaza huchuja maji mengi kila siku ili ajipatie chakula, kwa hiyo hubeba chochote kilichomo, bakteria kwanza. Wakati wa bamvua hori husukuma maji yake nje kwa nguvu. Wakati wa maji mafu husukuma kidogo, na uchafu hukaa.

Kwa nini tujali kiumbe wa mikokoni kwa nanogramu chache? Kati ya 2001 na 2003, Karen Kidd na wenzake walitia kwenye ziwa moja dogo la majaribio huko Kanada homoni ya vidonge vya kupanga uzazi, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita. Samaki dume walianza kutengeneza protini ya mayai, na jamii moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani humo. Asia Kusini, tumbusi walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki. Chanzo kilijulikana mwaka wa 2004, na India, Pakistan na Nepal zikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka wa 2006. Dawa ileile bibi anajichulia goti bila tatizo lolote. Usalama wa dawa kwa mtu hautoi ahadi yoyote kwa ndege au samaki.

Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka wa 2006 zilitaka majitaka yanayomwagwa yasizidi miligramu 30 kwa lita za BOD, kipimo cha uchafu unaooza, na yasiwe na E. koli, bakteria wa kinyesi, hata mmoja. Hazikuwa na safu ya dawa. Sioni haja ya kuzilaumu kwa hilo. Ya kinyesi yenyewe hayajatimizwa. Ulaya, mwaka wa 2024, ilipitisha sheria inayotaka miji mikubwa iongeze hatua ya nne ya kusafisha majitaka, na watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama hiyo. Hatua hiyo ni ozoni, au kaboni amilifu, ambayo huweza kutengenezwa kwa vifuu vya nazi, na vifuu Pwani hatukosi. Hata hivyo si hapo ningeanza. Kuweka ozoni Kipevu huku mitaa kama Mishomoroni na Shika Adabu haina bomba la majitaka ni kusafisha sana majitaka ya wachache. Shilingi ya kwanza iende kwenye bomba, ya pili kwenye kuvuta vyoo kwa magari na kumwaga mahali panapostahili, na ya tatu kwenye hospitali: maji ya wodi yana antibiotiki nyingi kuliko ya mtaa, na ni rahisi kuyashika mlangoni kabla hayajachanganyika na mengine. Nyumbani, dawa zilizobaki zirudishwe kwenye kituo cha afya, zisitupwe chooni.

Na kipimo chenyewe kinawezekana, tena kwa dawa chache tu. Karbamazepini, kwa sababu haifi, ikionekana kisimani inathibitisha kuwa mkojo wa mtu umefika humo, hata siku ambayo bakteria hawakuonekana. Kafeini huoza haraka, kwa hiyo ikiwepo, majitaka ni mapya. Sulfamethoksazoli na siprofloksasini ni kwa ajili ya usugu, na lamivudini ni kwa sababu haina matumizi mengine ila kwa binadamu, basi haiwezi kusingiziwa kuku. Maji huchotwa kwa chupa za kioo cha kahawia ili mwanga usiziharibu dawa, chupa moja ikajazwa maji safi ya maabara na kubebwa safari nzima, ili kama mchotaji mwenyewe ametoka kunywa kahawa au kujichua jeli, chupa hiyo imfichue. Hutiwa kwenye boksi la barafu, huchujwa siku hiyohiyo, kisha lita nzima hupitishwa kwenye kichujio kidogo kinachozishika dawa ili mashine izisome. Kando yake sampuli ya pili ioteshwe maabara kutafuta E. koli walio sugu, maana kipimo cha kemikali bila cha bakteria ni nusu ya habari.

Visima vya Mlaleo, Bakarani, Mtopanga, Timbwani na Mtongwe vichukuliwe kwa kibali cha wenyewe, na matokeo warudishiwe wao kwanza kabla ya gazeti. Kisima kilekile kipimwe mara mbili: mwishoni mwa kaskazi, maji yakiwa chini kabisa, na tena katikati ya masika, siku ya bamvua. Tofauti kati ya namba hizo mbili itaonyesha ni vyoo vipi vinaingia kisimani mvua ikinyesha, na ni ploti zipi zipelekewe bomba kabla ya nyingine.